Kichwa cha Marehemu Owori

Nyumbani kwa Okochi, kijijini Petta, yai lilikuwa na mwenyewe. Kuku watano walitaga walipotaka, chini ya ghala, nyuma ya jiko, hata ndani ya kikapu cha bibi, lakini yai likishaokotwa lilikuwa la Awori. Lilichemshwa, likamenywa, likawekwa kwenye kisahani chenye ua jekundu, na Awori akalila polepole huku akitazama mbali. Abbo, mdogo wake kwa mwaka mmoja na nusu, kazi yake ilikuwa kuliokota.

Msidhani palikuwa na ubaya. Hakuna aliyemchukia Abbo. Ila Awori alikuwa na kichwa, na kichwa kile kilikuwa cha babu yake, marehemu Owori, karani wa kupima pamba, aliyesoma barua za vijiji vyote vya jirani na kupiga hesabu za magunia akiwa amefumba macho. Wiki ile Awori alipozaliwa, bibi Taaka, mjane wa mzee huyo, alitoka chumbani asubuhi akasema mumewe amemjia usingizini, amesimama mlangoni, anataka jina. Kwa Jopadhola, ndio watu wa Petta, na kwa Wasamia wa Bulumbi alikotoka bibi, marehemu akiomba jina haulizwi maswali. Mtoto akaitwa Awori, ndilo Owori la mwanamke, na kila mtu akajua kichwa cha mzee kimerudi nyumbani.

Basi akalelewa kama mwenye kichwa. Hakupewa jembe asije akachoka. Hakutumwa maji jioni, maana jioni ilikuwa ya vitabu. Taa ya sola ilikuwa yake, kiti chenye mgongo kilikuwa chake, na baba yake hakurudi kutoka Tororo bila kalamu au gazeti la zamani kwa ajili yake. Na kweli, mtoto akawa na kichwa. Mwaka uliopita alimaliza darasa la saba akiwa wa kwanza shuleni, na Petta nzima ikatikisa vichwa ikisema mzee Owori hakufa bure. Abbo alikuwa shambani siku matokeo yalipotoka, akichimba mihogo.

Januari huko ni mwezi wa moshi. Watu huchoma mashamba wakisubiri mvua, na moshi haupandi. Hulala juu ya mihogo mpaka mtu asijue kama ni asubuhi au jioni. Siku hizo mwamba wa Tororo hauna miguu. Unaonekana nusu ya juu tu, ukielea, na Loy, mke wa Okochi, aliupenda hivyo. Kila siku ya soko, akiwa juu ya magunia ya wimbi, ule ulezi wa uji, nyuma ya pikapu, aliutazama mpaka ukapotea, na kwa muda ule hakuwa mke wa mtu wala mama wa mtu. Abbo alikaa ubavuni mwake akishikilia kamba. Shule zikiwa zimefungwa au zimefunguliwa, siku ya soko Abbo alikuwa wa soko.

Walimuuzia wimbi mwanamke mmoja Mkenya, Loice, mwenye ghala hatua chache baada ya kuvuka mpaka Busia. Alikuwa mcheshi, mwenye chai ya kila mtu, na alipima kwa gorogoro, ile bati ya kilo mbili, akichuchumaa juu ya turubai na kuisimamisha bati katikati ya wimbi lenyewe. Loy alimwuzia hivyo miaka sita. Siku moja ya Januari hiyo Loice alikuwa amejaza mara tatu, na wanawake wengine wanasubiri zamu zao, Abbo aliponyanyua sauti ndogo kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, weka hiyo bati kwa simiti kidogo."

Loice akauliza ya nini.

"Nataka kuona kama iko nasimama."

Wanawake wakacheka. Loice naye akacheka, na kwa kuwa wote walikuwa wanatazama, akaiweka. Bati ikayumba upande huu, ikayumba upande ule, ikalala. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kutoka ndani kikavimba nje, kikawa kinameza viganja viwili zaidi kila kikijazwa. Kicheko kikakatika. Loy aliona uso wake unawaka moto, si kwa hasira, kwa aibu, akifikiria miaka sita ya viganja viwili viwili.

Loice hakugomba. Aliingia ndani, akatoka na gorogoro nyingine, akapima upya wimbi lote bila neno. Kisha akamtazama Abbo kwa muda mrefu na kumwuliza ni nani aliyemwambia. Abbo akasema hakuna, yeye aliona tu kwamba bati ile haiwekwi chini kamwe.

"Huyu mtoto ako na kichwa, mama," Loice akasema.

Loy aligeuka akatazama nyuma, akidhani labda Awori amewafuata.

Kabla hawajaondoka Loice alimvuta Loy kando. Alisema amechoka kuibiwa na wapimaji wake, na alisema hivyo bila haya yoyote, kama kwamba bati ilikuwa ya mtu mwingine. Angependa Abbo akae kwake. Asimamie vipimo, amwangalilie mtoto wake mchana, ale anachokula yeye. Naye, Loice, atamnunulia yule dada mkubwa sanduku na godoro na kumlipia muhula wa kwanza wa bweni huko Tororo. Angefika Petta Jumatatu na gari, kama wangekubali.

Okochi alikubali kabla hajaambiwa yote. Kwa wiki mbili alikuwa akizunguka nyumba akifikiria godoro, na sasa Mungu amemletea godoro. Alimsifu Loice, akamsifu Abbo, akasema nyumba ni kusaidiana, mmoja kwa kichwa na mwingine kwa mikono.

Loy alimsimulia habari ya bati. Okochi alicheka mpaka akafuta macho, maana aliipenda.

"Ujanja wa soko huo, Mama Awori. Kichwa ni kitu kingine."

"Na Mkenya mwenyewe amesema ana kichwa."

"Cha nani? Huyu ana jina la nani?"

Abbo hakuwa na jina la mtu. Alipozaliwa hakuna aliyeota chochote, na jina lile mkunga ndiye aliyelitoa, akafunga mizigo yake akaenda.

Okochi hakuwa mtu mkatili, na tumwonee huruma kidogo. Yeye mwenyewe, mtoto wa karani, hakujua kusoma. Ujumbe wa simu yake alisomewa na Awori, hata ule wa kumwambia salio limekwisha. Marehemu baba yake aliwahi kumkalisha penye mizani na kijiti mkononi, akamfundisha, akachoka, na mtoto akiwa na miaka tisa akamwambia mbele ya watu kwamba kichwa kimemruka, kitakwenda kwa wajukuu. Okochi akapewa ng'ombe achunge. Aliyasema haya bila uchungu, kama mtu anayesema yeye ni mfupi. Kichwa kinakuja na jina, kinamwangukia kinayemtaka, na asiyekipata hana kosa. Alikuwa ameishi ndani ya wazo hilo miaka thelathini na sita na halikuwahi kumvujia.

Ijumaa walikwenda shuleni kumwondoa Abbo kwa utaratibu. Mwalimu Paddy, aliyekuwa akiishi hapohapo shuleni, aliwapokea ofisini akiwa na ndala, akafungua daftari kubwa, akasoma. Abbo, darasa la sita, alikuwa wa thelathini na moja kati ya sabini na wawili. Okochi akamtazama mkewe, maana yake: unaona.

Loy hakuwa na desturi ya kusema ofisini. Alikaa kwenye ncha ya benchi, mikono imebana kitambaa cha kichwa alichokivua bila sababu. Lakini aliuliza. Aliuliza mtoto alikuja shule siku ngapi.

Mwalimu akapitisha kidole kwenye visanduku, ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikitembea. Ilichukua muda. Nje mbuzi alikuwa akijikuna kwenye mlango. Mwishowe akasema mwaka ule Abbo alikosa siku sitini na nne. Loy akauliza na Awori je. Mwalimu akafungua daftari jingine. Awori alikosa siku mbili, wakati wa surua.

"Mzee," Mwalimu Paddy akasema, "mimi nilimpa namba mtoto ambaye hayupo. Hiyo thelathini na moja ameipata akiwa njiani Busia."

Okochi akauliza swali ambalo, naamini, alikuwa amelibeba tangu utotoni, na aliliuliza kwa heshima kubwa kwa sababu alikuwa mbele ya msomi. Aliuliza kichwa kinatoka wapi. Mtu anazaliwa nacho, au anawekewa?

Mwalimu alivua miwani. Alisema wenye elimu kubwa wanabishana mpaka leo, kwamba wengi wanasema ni yote mawili, na hakuna anayejua vipimo. Alisema yeye binafsi ana watoto sabini na wawili katika chumba kimoja na chaki za kuhesabu, na hajawahi kupata nafasi ya kujua. Alilisema jambo hili la mwisho kwa sauti ya chini, akitazama dirishani.

Okochi alitaka jibu, na hilo halikuwa jibu. Karatasi ikaletwa. Mwalimu alimpa kalamu kwa kusahau, akakumbuka, akaanza kutafuta kidau cha wino kwenye makabati yote matatu huku akiomba radhi, na kila alipoomba radhi Okochi alizidi kuwa mdogo kwenye kiti chake. Kilipopatikana alibonyeza kidole gumba, akakibandika, akatoka nje wa kwanza. Mwalimu alimwambia Loy kwa upole kwamba hatalifuta jina mpaka shule zifunguliwe.

Jumamosi Loy alikunja nguo za Abbo. Zilikuwa gauni mbili na sweta, hazikujaza hata mfuko wa plastiki. Alimkalisha mbele yake amsuke nywele za safari, na akiwa nyuma ya kichwa kile, ambapo hawaonani uso, alimwuliza kama anataka kwenda.

"Ningetaka kusoma," Abbo akasema. "Lakini kichwa ni kimoja, mama, na kiko kwa Awori. Mimi nakwenda."

Hakulia wala hakulalamika. Mikono ya Loy ilisimama katikati ya msuko. Alikiangalia kichwa kile cha miaka kumi na miwili, njia nyeupe za ngozi kati ya nywele, kovu dogo la kuni. Mtoto amekubali. Hilo ndilo lililomuuma kuliko godoro na gari na Loice.

Awori alikuwa mlangoni na kitabu. Alisema, akimwambia mama yake lakini akimtazama Abbo, kwamba siku ya mtihani wa mwisho alitapika nyuma ya choo. Aliogopa babu hatakuja. Aliogopa atafungua karatasi akute yuko peke yake. Mama akamwuliza babu alikuja? Awori akafikiri, akasema hapana, alikumbuka tu aliyoyasoma, na akarudi ndani haraka kama mtu aliyevunja chombo cha wageni.

Loy alimaliza msuko. Akanawa mikono, akajifunga kitenge kizuri, akaenda nyuma ya nyumba ambako bibi Taaka alikuwa akibambua karanga. Moshi ulikuwa umeteremka mpaka kwenye paa, na jua lilikuwa duara jekundu ambalo unaweza kulitazama bila kuumia. Mkamwana hakai juu mbele ya mama mkwe. Loy alipiga magoti, akakaa chini, akaelekeza macho kwenye maganda.

"Mama," akasema, "nimekuja kuomba ndoto."

Bibi aliendelea kubambua. Karanga moja, mbili, tano.

"Usiku mmoja tu," Loy akasema. "Mzee aje amwombe na huyu Abbo. Okochi atakusikia wewe. Mimi hawezi kunisikia."

Bibi Taaka aliweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho ya ukungu, na watu walizoea kudhani anawaza mambo ya mbali. Wakati huu alikuwa anawaza jambo la karibu sana. Alimwambia Loy amwite mumewe.

Okochi alikuja na panga alilokuwa akilinoa, akalilaza kwenye majani, akaketi kwenye kigogo. Mama yake hakuzunguka. Alimwambia kwamba miaka kumi na minne iliyopita hakuna aliyesimama mlangoni. Mimba mbili za Loy zilikuwa zimeharibika, ya tatu ikaleta msichana, ndugu zake Okochi wakaanza kusema arudishwe kwao, na Okochi mwenyewe akakaa siku tatu bila kwenda kumwona mtoto. Siku ya nne asubuhi yeye, Taaka, alitoka chumbani na kusema alichosema.

"Nilitaka umpende," akasema. "Hukuwa na mahali pa kuanzia, nikakupa mahali."

"Na Abbo?"

"Ulikuwa umeshatulia. Nikaona hakuna haja."

Okochi alitazama mikono yake. Kidole gumba bado kilikuwa na zambarau. Aliuliza, polepole, sasa kichwa cha Awori kimetoka wapi, kama mzee hakuja. Bibi akasema hajui. Pengine kiti chenye mgongo. Pengine alizaliwa nacho, na Abbo alizaliwa na chake, nani amewahi kukitafuta. Yeye alijua habari moja tu, ya Owori mwenyewe, kwa sababu Owori alimsimulia walipokuwa wachanga katika ndoa. Aliletwa Tororo mjini akiwa na miaka kumi kuwa mtumishi wa karani mmoja asiye na watoto. Hakujua hata herufi moja. Yule karani alikuwa mpweke, na kila jioni baada ya chakula alimwita mezani akamfundisha kwa kujifurahisha, herufi na hesabu, kwa miaka saba. Baadaye Owori alipopata kazi aliacha kuisimulia habari hiyo, akaacha watu waseme amezaliwa nacho.

"Mimi alinifundisha," Okochi akasema. "Kikanishinda."

"Alikufundisha Jumapili nne, mwanangu," bibi akasema. "Nne tu. Nilikuwa nazihesabu. Ya tano alikuwa na wageni."

Okochi aliinuka, akaacha panga pale majanini, akaenda kukaa kwenye zizi, na jua lile jekundu likazama akiwa hukohuko. Loy alimwona kwa mbali mgongo wake tu. Alitaka kumfuata na hakujua angemwambia nini. Mtu aliyeambiwa saa kumi jioni kwamba maisha yake yangeweza kuwa mengine, unampelekea chai?

Jumapili hakwenda kanisani na hakuna aliyemwuliza.

Jumatatu Loice alifika mapema, pikapu imejaa vumbi, godoro jipya limefungwa juu kwa kamba ili Petta nzima ilione. Alikaribishwa chai. Alikaa kwenye kiti chenye mgongo, akaongea juu ya bei ya wimbi na barabara mbovu. Majirani wawili walikuwa wamekuja kuona godoro, pamoja na shemeji mmoja wa Okochi mwenye maneno mengi. Abbo alikuwa amesimama kando ya mlango na mfuko wake wa plastiki, nywele zimesukwa vizuri, miguu imepakwa mafuta. Loy alikuwa akimimina chai bila kuona anapomimina.

Okochi alitoka ndani amevaa shati lake la kanisani. Macho yalikuwa yamevimba. Alimsalimia Loice kwa mikono miwili, akamwomba radhi kwa safari ya bure, akasema mtoto hatoki.

Loice alidhani ni bei, akaanza kuongeza. Akataja blanketi. Okochi akatikisa kichwa. Alisema Awori hatakwenda bweni, atasoma kutwa shule ya karibu, Mulanda, atembee kama watu wengine, na asubuhi kabla ya shule ashike jembe. Abbo atakaa shuleni kila siku, na siku ya soko Loy atakwenda na yeye Okochi. Shemeji akauliza, kwa sauti ya kumwaibisha mtu mbele ya wageni, ni nani amempa ushauri wa kurudisha godoro kwa ajili ya mtoto wa thelathini na moja.

Okochi akamgeukia mama yake, si shemeji.

"Usiku mzee amenijia," akasema.

Loice ni mtu wa kanisa, lakini ni mtu wa Busia pia, na alijua kuna watu ambao hubishani nao. Aliweka kikombe chini. Majirani wakasogea. Loy aliinua macho akamtazama mumewe, na hakuweza kujua kama ni ndoto kweli, na mpaka leo hajui.

Bibi Taaka aliuliza kama inavyopasa kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayetimiza desturi. Alikuja vipi? Alisemaje?

"Alisimama mlangoni. Alisema Abbo naye ni wake, tusimpunguze." Mkono wa Okochi ulikuwa umeshika fremu ya mlango juu ya kichwa cha mtoto. "Halafu akaniita mimi kwa jina. Akasema, Okochi, nisamehe. Zile Jumapili zilikuwa chache."

Bibi Taaka alikuwa ameishi na Owori miaka thelathini na minane. Alimfulia, akamzalia, akamfumba macho siku ya mwisho, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumsikia akiomba msamaha kwa mtu yeyote. Aliwatazama majirani, akamtazama shemeji, kisha akamtazama mwanawe mpaka yule mwanamume mzima akainamisha uso.

"Ndiye," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akisema."